Kwa mnaoanza kulinganisha uhalifu wa nchi mbili: anzieni kaunta ya polisi

Wanafunzi wa sheria na sosholojia ninaowasimamia hapa Arusha na Moshi, wanapotaka kulinganisha kazi ya polisi na hali ya uhalifu kati ya Tanzania na nchi nyingine, karibu wote huanza kwa kupanga takwimu za nchi hizo kwenye jedwali moja na kuuliza kwa nini moja ni kubwa. Ushauri wangu ni kwamba mliache jedwali hilo kwa muda, mchunguze kwanza tukio linapita wapi mpaka likaandikwa, kwa sababu takwimu za polisi huhesabu yaliyoandikwa, wala si yote yaliyotendeka.

Chukueni simu iliyoibwa Soko Kuu la Arusha. Kijana mmoja niliyemsikiliza kaunta alikuwa amechomolewa simu mfukoni, lakini aliomba taarifa ya upotevu, kwa kuwa alichohitaji ni karatasi ya kurudishia laini, na hakuwa na matumaini ya kuiona simu hiyo tena wala muda wa kurudi kutoa maelezo. Askari aliandika alichoambiwa, na wizi ule ukaingia kwenye kumbukumbu kama kitu kilichopotea. Kwa majeruhi mambo huwa kinyume: aliyepigwa kwa kawaida hutakiwa kuwa na PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, anapokwenda kutibiwa, kwa hiyo shambulio ambalo katika nchi nyingine lingemalizwa kimyakimya hapa hufika kituoni kwa sababu ya matibabu. Ulizeni basi, kwa kila nchi na kila kosa, mwananchi anapata nini akiripoti na anapoteza nini.

Baada ya hapo someni sheria yenyewe. Unyang'anyi wa kutumia silaha katika Kanuni ya Adhabu yetu unahusu silaha au kifaa chochote cha hatari, panga likiwemo, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela, ilhali msomaji wa mbali akiona neno silaha hufikiria bunduki. Uswidi nayo hutajwa mara nyingi kuwa na ubakaji mwingi, bila kuelezwa kwamba huko kila tendo huhesabiwa peke yake hata kama mtendaji na mwathirika ni walewale, na kwamba tangu mwaka 2018 sheria yao imejengwa juu ya ridhaa. Anayenukuu namba hiyo bila maelezo hayo anawapotosha wasomaji, na kwangu hilo ni kosa kubwa.

Pale penye utafiti unaowauliza wananchi wenyewe kama wamedhuriwa, utumieni. Marekani inao tangu 1973, na Uingereza tangu 1982. Pasipokuwa nao, mauaji ndiyo kosa linalolinganishika kwa unafuu, maana maiti ni vigumu kufichwa, ingawa hata hapo mhakikishe kwamba majaribio ya kuua hayakujumlishwa.

Kuhusu utendaji, msilinganishe majina ya mipango. Kenya ilipotangaza Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama wao kwa makundi ya nyumba, mwaka 2013, muda mfupi baada ya shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, ilichukua jina la mfumo uliokuwapo Tanzania tangu miaka ya 1960. Lakini balozi wetu wa nyumba kumi alitokana na TANU na baadaye CCM, na watu walimzoea kwa ugomvi wa majirani kuliko kwa upelelezi. Singapore nayo ilianzisha vituo vidogo vya mitaani mwaka 1983 kwa kuiga koban za Japani. Angalieni pia nani anaamuru: jeshi letu la polisi ni moja chini ya Inspekta Jenerali, wakati Marekani ina vyombo vya polisi takribani 18,000, hivyo sentensi inayoanza na "polisi wa Marekani" huwa haina uhakika mpaka mtaje mji au jimbo.

Mkishajua mnachouliza, chukueni barua ya chuo na kuipeleka kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa mapema, kwa kuwa mkuu wa kituo hawezi kuwafungulia kumbukumbu kwa maneno matupu. Mkiruhusiwa, nakilini aina ya kosa, tarehe na hatua iliyochukuliwa. Majina ya walalamikaji yaacheni humohumo kitabuni.