Kuzamia Pasaka: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

SWALI: Shikamoo Mjomba Nahodha. Naishi Hamburg na likizo yangu ni ya Pasaka tu. Cheti changu cha kuzamia ni cha mwanzo, kinaniruhusu mita 18, nacho nilikipatia kwenye ziwa la huku, baridi na giza tupu. Nataka kuja siku nane, nizamie Mnemba, kile kisiwa kidogo kaskazini-mashariki mwa Unguja, na Pemba. Wenzangu wananitisha eti masika hakuzamiwi. Na je, naweza kuzamia asubuhi nikapanda ndege jioni?
Msomaji, Hamburg

JIBU: Marahaba. Wenzako wamesema nusu. Mvua ikinyesha juu, wewe chini uko na samaki wako, na Unguja haina mto mkubwa wa kumwaga tope baharini kama Rufiji kule mbele ya Mafia. Tatizo la msimu ni upepo. Kaskazi inakata, kusi inaingia, na ikishaingia boti za upande wa mashariki hupigwa hasa. Tena baadhi ya hoteli hufunga Aprili na Mei, basi uliza mapema kama kituo chako kitatoa boti.

Mimi ningeangalia mwezi zaidi. Pasaka huja Jumapili baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo bamvu, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa sana, haliko mbali nayo mwaka wowote, na bamvu la Machi na Aprili ndilo kubwa. Unguja maji huweza kupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo wake Mnemba hukupitisha juu ya matumbawe hata hujayatazama. Panga kuzamia kwako kugumu kwenye maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, kati ya tarehe 22 na 25 za mwezi mwandamo.

Siku za mwanzo kaa Mji Mkongwe. Miamba ya Bawe na Pange iko upande wa magharibi, imekingwa, wala si mirefu; hapo utajua unahitaji vipande vingapi vya risasi, ile madini nzito ya kukushusha chini, kiunoni, maana ulivyozoea ziwani na lile vazi nene vitakuzamisha kama nanga. Kisha Mnemba. Pemba ningeiacha safari nyingine. Kuta za matumbawe za Misali, kisiwa kidogo cha huko Pemba, zinashuka wima, maji meupe, unajiona uko mita 15 kumbe saa ya kuzamia mkononi, inayopima kina, inasoma 25. Cheti chako hakijafika huko.

Ndege jioni ile ile, hapana. Ukizamia siku kadhaa mfululizo, subiri angalau saa 18. Mimi huwaambia watu siku nzima. Hata kijindege cha kwenda Dar kinahesabika. Boti ya abiria haina neno.

Kituo kisichokuuliza cheti, hata kikiwa cha bei poa, kiage. Na fomu ya afya ijaze kweli. Kama una pumu, daktari wako wa huko asaini kabla hujaondoka, usije ukazuiliwa gatini na pesa umeshalipa.