Shavu la upande wa dirisha

Mwanangu,

Sisi hapa Nyakato hatujambo, goti la mama yako limepoa. Umeona picha za harusi ya mdogo wako ukauliza mbona shavu langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto, ukaingiwa na hofu ya kiharusi. Si kiharusi, mama. Ni dirisha.

Basi la Mwanza–Musoma nimeliendesha miaka 22, na usukani wetu uko kulia. Asubuhi napanda kaskazini, jua la mashariki liko shavuni. Alasiri nageuza, nalo limeshahamia magharibi: shavu lile lile! Kuanzia Lamadi hadi Bunda nilikuwa nabandika gazeti kwenye kioo, likidondoka naliacha. Daktari wa ngozi alinieleza kwamba kioo cha dirisha huzuia miale ya jua inayobabua, ila ile iitwayo urujuanimno A (UVA) hupita kwa wingi, ikazama na kukata nyuzi za kolajeni na elastini, zile zinazoikaza ngozi na kuirudisha ukiivuta. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani walichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, kazini miaka 28, nusu ya uso imezeeka kuliko nyingine. Yeye ni kushoto, maana kwao usukani uko huko.

Lakini hata hili la kushoto limeshuka, nisijidanganye. Tangu ujanani kolajeni hupungua kama asilimia 1 kila mwaka. Chini ya ngozi nako mafuta ya mashavu hunywea na kuteremka, mfupa wa taya nao husinyaa. Unalijua turubai la keria: ukishusha magunia manne pale Magu, turubai lililokaza tangu Mwanza linaanza kupigapiga. Halijachanika, mzigo ndio umepungua. Na sigara pia. Mama yako amesimama hapa kuhakikisha naziandika.

Hiyo krimu ya kolajeni usinunue. Chembe zake ni kubwa, hazipenyi, zitakulainisha juu tu. Mkorogo ndio usiuguse kabisa. Wenye dawa za steroidi huikondesha ngozi. Nunua losheni ya kuzuia jua, yenye kipimo cha kinga (SPF) 30 kwenda juu. Weusi wetu unatukinga, ila si kikamilifu.

Mdogo wako sasa ndiye ameshika usukani njia ile ile. Nimempa losheni na shati la mikono mirefu. Shati analivaa. Losheni nimeikuta juu ya dashibodi, haijafunguliwa, imechemka kama chai.

Baba yako