Dalwhinnie hadi Fort William, usipige hesabu ya kilomita tu

Kaka, umeuliza kama Dalwhinnie hadi Fort William kule Scotland, kwa baiskeli kupitia ziwa la Loch Ossian, unaweza kumaliza siku moja mwezi wa sita, mi nakushauri igawe mbili. Kandokando ya ziwa la Loch Ericht utaenda kwa raha tu, njia ya changarawe hata gari zinapita, na hapo ndo watu wanadanganyika wanapiga hesabu ya safari nzima kwa spidi ile. Ukishavuka Bealach Dubh, ile njia ya juu kati ya milima, ukaanza kushuka upande wa mto Uisge Labhair, njia inapotelea kwenye tope, mguu unazama mpaka kwenye muundi, unavuta unasikia kiatu kinataka kubaki chini, baiskeli unaikokota ama unaibeba begani, kilomita 5 zinaweza kula masaa mawili.

Ila mito ndo ya kuogopa kuliko vyote. Mvua ikipiga usiku, kijito cha kuruka asubuhi kishakuwa mto, maji yakifika magotini na yanakimbia rudi kaka, tafadhali.

Mlango wako wa dharura ni stesheni ya treni ya Corrour, karibu na Loch Ossian, barabara ya umma haifiki kule ila treni ya Fort William inapita, nafasi za baiskeli chache so uliza mapema. Netiweki usiitegemee, beba ramani ya karatasi na dira. Na neti ya kichwa usiache, visubi vya Scotland, vile vijidudu vinavyouma, jioni upepo ukitulia vinaingia mpaka puani.