Nilikimbilia bayolojia kukwepa hesabu

Wewe unayefikiria kusoma bayolojia chuo kikuu, nisikilize: mimi niliichagua kwa sababu niliyoona aibu kuisema, nilikuwa nakimbia hesabu. Fizikia ilinishinda na kemia tuliviziana, ila bayolojia niliimeza. Unachora moyo, unataja sehemu zake, unapata alama. Nikadhani chuo kikuu ni hayo hayo, ila michoro ni mikubwa zaidi.

Wiki za mwanzo tukaletewa Mendel. Nilimjua tangu sekondari, mtawa aliyechunguza jinsi sifa zinavyorithiwa kwa kuzalisha njegere, lakini sikuwahi kujiuliza alifikaje pale. Kumbe alihesabu. Mbegu 5,474 za mviringo, 1,850 zilizokunjamana, na uwiano ukamtokea karibu 3 kwa 1. Kuzalisha mimea chotara walikuwepo wengi kabla yake. Yeye, aliyekuwa amesoma fizikia na hisabati Vienna, alikaa chini akahesabu, na makala yake ikachapishwa mwaka 1866. Nilichokikimbia nikakikuta kimeshatangulia kufika.

Somo la takwimu nilifeli, nikalirudia. Kwa hiyo kama una haraka, chukua hili tu uende: jifunze takwimu na programu ya kuchambua data, R kwa mfano, tangu mwaka wa kwanza. Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina jozi za herufi takriban bilioni 3, na hakuna anayezisoma kwa macho. Anayefuatilia mlipuko wa ugonjwa anahesabu. Anayepima kama dawa mpya inafanya kazi anahesabu. Hata yule mwenye ndoto ya kuishi porini na wanyama atagundua kwamba hawezi kuwaona wote, hivyo anahesabu sehemu ndogo na kukadiria waliobaki. Ndoto ile ya porini, kwa kweli, ina saa nyingi sana za kompyuta.

Jambo la pili ni mikono. Mhadhara utaupata kwenye daftari la mwenzako, lakini maabara hakuna wa kukuazima. Kwenye PCR, njia ya maabara ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, kila mzunguko DNA huongezeka maradufu; mizunguko 30 ikienda sawa, kipande kimoja huwa zaidi ya bilioni. Uchafu nao unaongezeka hivyo hivyo. Wakati wa tasnifu yangu nilishangilia matokeo mazuri kwa wiki sita. Siku msimamizi aliponilazimisha kuweka kijaribio cha maji matupu, kisicho na sampuli yoyote, nacho kikatoa jibu lile lile. Maji yangu yalikuwa yamechafuka tangu mwanzo. Wiki sita zikaenda, na tangu hapo sijawahi kuanza jaribio lolote bila kijaribio cha maji.

Kuhusu kazi, watu watakuuliza kama utakuwa daktari. Hapana, na nchi nyingi hata kupima damu hospitalini kunahitaji mafunzo na leseni yake, kwa hiyo ulizia mapema kabla hujajipa matumaini. Milango mingine ipo: udhibiti wa ubora viwandani, utafiti wa mbegu na wadudu, ukaguzi wa mazingira, ualimu, uuzaji wa vifaa vya maabara, uandishi wa sayansi, hata ofisi za hataza, zinazosajili haki za uvumbuzi. Shahada yenyewe haikutajii cheo kama ya uhasibu inavyofanya. Mimi nilichelewa kulijua hilo. Ningekuwa wewe, ningesoma matangazo ya kazi nikiwa bado mwaka wa kwanza, si kwa kuomba, bali kuona wanataka mtu anayejua kufanya nini.

Mimi nilianzia kiwanda cha vyakula. Kazi yangu ilikuwa kuzimua sampuli, kuziotesha kwenye sahani za petri, na kesho yake kuhesabu koloni za bakteria, yaani vidoa vinavyoota pale bakteria wanapozaliana. Sahani yenye koloni chini ya 30 au zaidi ya 300 tunaiweka kando, zilizobaki tunazipigia hesabu. Kwenye usaili bosi aliniuliza kama takwimu nimesoma. Nikamwambia nimesoma, tena mara mbili.