Anayeguna Ndani ya Piano ni Nani?

Maswali yenu ya muziki yanajibiwa na mwalimu mstaafu wa kwaya, Rau, Moshi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina saluni ya kiume hapa Ngarenaro, Arusha. Mtalii mmoja aliyekuja kunyolewa aliniachia flashi yenye muziki wa jazi, piano tupu. Muziki unatuliza, wateja wanasinzia kitini, lakini humo ndani kuna kitu kinaguna. Mara "mmmh", mara "aaai", kama mtu anayechomwa sindano. Nilidhani spika imepasuka, nikanunua nyingine. Ikaguna vilevile. Nikabadilisha waya, bado. Kijana wangu wa kazi sasa hataki kufungua peke yake asubuhi. Kosa liko wapi?
Kinyozi, Ngarenaro

JIBU: Marahaba. Pole kwa hela ya spika. Ile ya kwanza irudishe mahali pake, haikuwa na kosa lolote. Unayemsikia ni mpigaji mwenyewe.

Kwa ulivyoeleza, mtu mmoja, piano tupu, sauti nyembamba ya kulalama, naweka dau la kikombe cha kahawa kwamba huyo ni Keith Jarrett, Mmarekani aliyezaliwa Allentown, Pennsylvania, mwaka 1945. Hebu angalia kama kuna faili iliyoandikwa Köln. Kama ipo, basi unasikiliza usiku wa tarehe 24 Januari 1975, katika jumba la opera la mji huo wa Ujerumani. Jarrett aliomba piano kubwa, akakuta ameletewa nyingine kabisa: ndogo, sauti za juu zinalia kama bati, za chini hazina nguvu, pedali hazifanyi kazi sawasawa. Alitaka kuondoka. Aliyeandaa onyesho, Vera Brandes, alikuwa binti wa miaka 18 tu, na watu walishanunua tiketi. Alimbembeleza mpaka akakubali. Jarrett akapanda jukwaani saa tano na nusu usiku, akakwepa zile sauti mbovu za pembeni, akakaa zaidi katikati ya piano, mkono wa kushoto unarudia mzunguko uleule kama mtu anayetwanga. Anaguna, anapiga mguu sakafuni, anaita. Santuri ya usiku ule imeuzwa nakala zaidi ya milioni 3, miguno ikiwa ndani yake.

Wala hayuko peke yake. Bud Powell, aliyefariki mwaka 1966, utamsikia nyuma ya noti zake anaugulia kwa sauti nzito. Oscar Peterson wa Montreal, Kanada, aliimba chini kwa chini kila alichopiga, kwa mbio zilezile za vidole, jambo ambalo mimi siwezi hata kwa wimbo wa polepole. Ila ninayempenda zaidi ni Erroll Garner wa Pittsburgh. Hakujua kusoma noti hata moja, na kwa sababu ya ufupi alikuwa akikalia kitabu cha namba za simu ili afikie piano vizuri. Mtafute alivyorekodiwa Carmel, California, Septemba 1955. Mguno wake ni wa mtu aliyeonja mchuzi akaukubali. Hao wengine wanaugua, Garner anashiba.

Sauti inaingiaje kwenye rekodi? Piano kubwa hurekodiwa kwa maiki zilizosogezwa karibu na nyaya, chini ya mfuniko uliofunguliwa, na kichwa cha mpigaji hakiko mbali na hapo. Maiki haina adabu ya kuchagua. Na baada ya hapo mguno hautoki kirahisi, maana umekaa katika kimo kilekile cha noti za katikati ya piano. Ukiufuta, unafuta na muziki.

Kijana wako mwambie huyo jamaa hana ubaya na mtu. Tena Jarrett amenyamaza: mwaka 2018 alipata kiharusi mara mbili, mkono wa kushoto ukalegea, na hajarudi jukwaani.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mwanangu ana miaka 15, anapiga kinanda katika kwaya ya vijana hapa usharikani kwetu. Akianza tu kupiga anatoa sauti, hm-hm-hm, meno yameumana, kidevu kimetangulia mbele. Jumapili iliyopita ilisikika kwenye spika zote mpaka nje walipokaa wamama wenye watoto. Mwenyekiti wa kwaya amesema aache hiyo sauti au aachie kinanda. Jirani ananiambia ni pepo, aombewe. Baba yake anasema ni tabia mbaya tu. Nimemkataza, anafumba mdomo kweli, lakini sasa anakosea hata nyimbo alizokuwa anazipiga bila kutazama. Nifanyeje?
Mama wa Mpiga Kinanda, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Katika barua yako nimepigia mstari mahali pamoja: akifumba mdomo, anakosea. Tuanzie hapo.

Wewe kama umewahi kuimba kwaya huku kwetu unajua tulivyofundishwa. Mwalimu hakuanza na kinanda. Aliandika solfa ubaoni, akagonga meza, tukaimba do na mi na so mpaka wimbo ukakaa mdomoni, sauti ya kwanza kivyake, sauti ya nne kivyake. Kinanda kilikuja baadaye, na kilikuja kufuata kitu ambacho tayari kipo. Kijana wako anafanya hivyohivyo, ila anafanya vyote kwa pamoja: mdomo unatangulia kidogo, vidole vinafuata. Ukimziba mdomo umewaondolea vidole mtu wa kuwaonyesha njia.

Kuna jambo jingine, nalo ni la pumzi. Mwimbaji hupumua, apende asipende. Mpiga tarumbeta vilevile. Kwa hiyo sentensi zao za muziki zina mwanzo na mwisho. Piano haina mapafu. Nyundo inagonga waya, sauti inaanza kufa papo hapo, na mikono inaweza kukimbia dakika kumi bila kuweka hata koma. Hicho kinanda chenu cha umeme ndiyo kabisa, kinashikilia sauti mpaka umeme wenyewe ukatike. Mpigaji anayeimba ndani kwa ndani anakatwa na pumzi yake mwenyewe: hewa inakwisha, anatua, anaanza upya. Nimewasikia vijana wengi wenye vidole vyepesi ambao ukiwasikiliza unajikuta wewe ndiye umebana pumzi. Hao ndio ninaowalazimisha kuguna.

Sikulitunga mimi hili. Lennie Tristano, mpiga piano kipofu aliyefundisha New York na kufariki mwaka 1978, aliwataka wanafunzi wake waimbe kwa mdomo solo za wakubwa waliotangulia, kutoka kwenye santuri, noti kwa noti, kabla ya kuzigusa kwenye ala. Hata kwa wapigaji wa muziki wa kizungu wa kale lipo: Glenn Gould wa Kanada, maarufu kwa kupiga muziki wa Bach, mtunzi wa zamani wa Kijerumani, alifundishwa na mama yake akiwa mdogo aimbe anachopiga. Alipokua hakuweza kuacha, na mafundi wa kurekodi walihangaika naye mpaka anakufa mwaka 1982. Kwa hiyo mama, kama ni lawama, upande wa akina mama mna mwenzenu.

Lakini nisikudanganye kwamba kila mkubwa huguna. Teddy Wilson, mpiga piano wa jazi aliyepiga na Benny Goodman, mpiga klarineti, alikaa wima kama karani wa benki, mdomo umetulia, na piano yake ilikuwa inaongea vizuri tu. Kuguna hakumfanyi mtu kuwa bingwa.

Sasa nikwambie la kwangu. Mwaka 1986 tulikuwa tunafanya mazoezi ya Krismasi, nikaazima redio kaseti tujirekodi. Niliiweka juu ya kinanda, pale mbele yangu kabisa. Tuliposikiliza, chini ya wimbo kulikuwa na sauti inayoburuta, kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Nikamgeukia mzee mmoja wa sauti ya nne, fundi viatu wa pale soko la Mbuyuni, nikamsema mbele ya watu. Wiki iliyofuata tukarekodi tena, ng'ombe yupo, nikamsema tena. Wiki ya tatu fundi viatu hakuja, alikuwa na msiba Kibosho. Tukarekodi. Ng'ombe yupo. Kanisa zima likanitazama mimi, na mimi nikaitazama kaseti.

Nilimfuata sokoni kumwomba radhi. Alikuwa na misumari midogo mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kwanza, akaipanga kwenye kisigino cha kiatu, ndipo akasema: "Mwalimu, mimi nilikuwa nakusikia tangu mwaka ule umekuja. Nilijua unaimba sauti ya tano."

Sikuacha kuguna. Niliihamishia redio kaseti kwenye dirisha la upande wa pili.

Na ndivyo ninavyotaka mfanye ninyi. Kinanda chenu bila shaka kinaingia kwa waya kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti, hakina maiki. Basi mguno wa mtoto unaingilia wapi? Kwenye maiki za watu, pengine ya sauti ya kwanza waliosimama karibu naye. Nenda ukaangalie. Kama mguno unasafiri mita moja kufika kwenye maiki, isogezeni iwe mita mbili, nguvu yake itabaki kama robo hivi. Halafu geuzeni ile maiki. Maiki nyingi za kuimbia zinasikia mbele na ni nzito wa kusikia nyuma, kwa hiyo mgongo wake umtazame mtoto. Kama anayo maiki yake ya kuitikia, fundi mitambo aizime wakati haimbi. Hapo spika zitanyamaza na mtoto hajanyang'anywa kitu.

Kwa mwenyekiti usiende na habari za akina Jarrett, ataona unamletea ubishi wa mitandaoni. Nenda siku ya mazoezi, mapema, umwombe kwa heshima mjaribu kusogeza maiki wimbo mmoja tu, yeye mwenyewe akae nyuma kabisa asikilize. Mwenyekiti akisikia kwa masikio yake hatahitaji kushindwa na mtu.

Jambo moja katika barua yako halikunipendeza, ni hayo meno yaliyoumana. Mkalishe nyumbani, mpigie meza taratibu, mwambie aimbe wimbo bila kinanda. Kisha apige huku umekaa karibu. Mguno ukipanda vidole vinapopanda na kushuka vinaposhuka, hata kama hauko sawa kabisa, huo ni wimbo, muache nao. Ukiwa ni sauti moja tu iliyokaza, ya mtu anayebeba gunia, hiyo si kuimba, ni mwili umekakamaa. Mshushe mabega, midomo iguse, meno yaachane, ulimi ulale. Mazoezi ya dakika chache kila siku yatasaidia kuliko kumkaripia. Nilimfundisha mmoja hivyo kwa kumwekea punje ya njugu kati ya magego: ikivunjika, tunaanza upya. Alikula njugu nyingi sana mwezi wa kwanza.

Na kama anatoa sauti hizo hata mezani, hata darasani, mahali pasipo na kinanda, bila yeye kupenda, hilo ni la daktari. Wala si la kumwonea haya.

Kuhusu pepo, jirani yako umshukuru kwa maombi, maombi hayaharibu kitu. Baba mtoto naye muulize yeye anafanya nini akiwa anapiga msumari. Nimeona mafundi wengi wanatoa ulimi.

SWALI: Mwalimu, hao wapiga piano wa jazi wanaoguna wote naona hawajijui kama wanaguna. Je, yupo aliyefanya kwa makusudi, ikawa sehemu ya muziki?
Mwanafunzi, Usa River

JIBU: Yupo, ila si mpiga piano. Slam Stewart, mpiga besi, ile ala kubwa ya nyuzi kama fidla inayosimamishwa, aliyezaliwa mwaka 1914, alipiga besi lake kwa upinde, na papo hapo akaimba wimbo uleule kwa mdomo uliofumbwa, oktava moja juu, yaani kama kutoka do mpaka do ya juu yake. Unasikia kama mtu mmoja mwenye makoo mawili. Alilipata wazo hilo Boston kwa Ray Perry, mpiga fidla aliyekuwa akiimba huku anapiga. Baadaye Major Holley naye akafanya, yeye akaimba kimo kilekile cha besi, na ukisikiliza kwa haraka unadhani besi lina mafua.

Jaribu na gitaa la besi la kwaya yenu. Utagundua upesi ni wimbo gani hasa unaujua na ni upi vidole tu vimeuzoea.

Msomaji wa Kiboriloni aliyeuliza bei ya kukarabati kodiani: barua imefika, picha haikufika. Tuma tena, upige na upande wa mikanda.