Saanane kwa anayetaka kuona mijusi, kenge na kobe

Wengi wanaorudi kutoka Kisiwa cha Saanane, kwenye Ziwa Victoria jijini Mwanza, wanasema wameona swala na tumbili, basi. Ukiwauliza walifika saa ngapi, utaambiwa saa sita mchana, na spika juu. Kwa saa hiyo na kelele hizo, reptilia huwapati.

Damu ya mjusi haijipashi joto yenyewe. Asubuhi anatoka kuota jua, jua likishakuwa kali anaingia kwenye nyufa, jioni anatoka tena kidogo. Kwa hiyo boti ya kupanda pale Capri Point ni ya mapema kadiri hifadhi inavyoruhusu, ili saa mbili na nusu hadi saa nne asubuhi uwe tayari kwenye miamba. Boti ni dakika kama kumi tu, vaa jaketi okozi. Ulizia ada na utaratibu wa malipo siku moja kabla. Kuhangaika na simu getini kunakula saa zilezile nzuri. Viatu viwe vya soli inayoshika, maana kisiwa karibu chote ni mawe. Ndala zinateleza.

Kisiwa kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Usitegemee safu za vioo vyenye vibao vya majina. Wengi utawatafuta mwenyewe.

Anza na mjusi wa miambani, ambaye hata jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba Mwanza. Dume ana kichwa na mabega ya waridi iliyokolea, kiwiliwili buluu. Jike ni kahawia wa madoa, na watu humpita bila kumwona. Dume akipiga "pushapu" juu ya jiwe, anatangaza eneo lake. Simama mita tano hivi, kisha sogea kwa ubavu, polepole. Kosa la wapiga picha ni kuja na jua mgongoni bila kuangalia kivuli chao kinaangukia wapi: kikimgusa, anadhani ni ndege mla nyama, na amekwisha kutoweka. Akiwa na baridi au hofu rangi hufifia, hivyo ukimfukuza-fukuza utapata picha ya mjusi wa kijivu.

Kobe ndiye anayeteswa zaidi na wageni. Yule mkubwa wa madoa akinyanyuliwa hukojoa, na mkojo ule ni akiba yake ya maji. Kiangazi hasara hiyo si ndogo. Kobe bapa ni habari nyingine kabisa. Gamba lake ni jembamba na linabonyea, kwa hiyo usalama wake si gamba bali ufa wa jiwe, anamojibana kisawasawa. Usimvute kwa mkono wala kijiti, utamuumiza. Mulika tochi kwa upande, tazama, ondoka. Jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja, na biashara ya wanyama wa kufuga imewamaliza sehemu nyingi, wakusanyaji wakibomoa hata mawe kuwatoa. Ukishika kobe yeyote, nawa kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha.

Kenge mtafute kwenye mawe ya ufukweni. Mwachie njia ya kwenda majini. Akibanwa anachapa kwa mkia, na anauma. Na ufukweni hapo hapo watoto wasinawe miguu: ziwa lina mamba.

Vyura wanataka mvua, Machi hadi Mei au Novemba na Desemba. Usiwashike, hasa ukiwa umejipaka dawa ya mbu, kwani ngozi ya chura inafyonza dawa kwa urahisi. Safisha pia soli za viatu na uzikaushe kabla ya kutoka bwawa moja kwenda jingine. Ukungu (kuvu) unaoua vyura husafiri kwenye tope, na ulikutwa kwa chura wa Kihansi, kule Udzungwa, idadi yake ilipoporomoka mwaka 2003. Bwawa la umeme lilikuwa limeshapunguza maji ya maporomoko aliyoyategemea. Aliyebaki ni yule wa bustani za wanyama za Marekani, uzao wa vyura 499 waliopelekwa mwaka 2000, na ndio waliorudishwa bondeni kwao kuanzia 2012. Brashi kuukuu ya kufulia inatosha kwa soli. Iweke kwenye begi tangu nyumbani.