Umenawiri, mzee: sindano za tezi dume na moyo wangu

Alhamisi iliyopita binti mmoja wa Tabata aliniandikia: "Shikamoo mzee. Baba yangu ana saratani ya tezi dume, alianza sindano za homoni mwaka jana. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imeshuka kutoka 90 hadi 1, tunamshukuru Mungu. Amenenepa, amenawiri, ila anachoka sana na usiku jasho linamtoka. Tumeambiwa jasho ni la sindano. Tuendelee tu kumpa chakula kizuri?"

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako ulininyima usingizi, kwa sababu hayo ndiyo maneno yaliyokuwa yakisemwa nyumbani kwangu Kigamboni mwaka 2022. Nusura yanizike.

Niligundulika mwaka 2021. Habari za vipimo na kinyama kupelekwa maabara nilishaziandika, sizirudii. Saratani ilikuwa imeshatoka nje ya tezi, nikaanzishiwa goserelini, sindano inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya miezi mitatu. Nimekuwa mhasibu miaka 31, kwa hiyo nilinunua daftari nikachora safu mbili: tarehe na PSA. Ilianza 74. Ikaja 6. Ikaja 0.8. Nililitembeza daftari lile barazani baada ya swala kama mtu anayeonyesha hati ya kiwanja. Nilistahili kufurahi, na hadi leo najivunia zile namba.

Wakati huohuo mwili ulikuwa unabadilika. Mama watoto aliapa kwamba saratani haitanikuta nimekonda. Asubuhi supu ya kongoro na chapati mbili, mchana wali wa nazi, jioni ndizi nyama. Nikiinuka kufagia uwanja, wanangu wananipokonya ufagio: pumzika baba, wewe mgonjwa. Mkanda wangu ulihama matundu matatu. Mikono na mapaja yakapungua, tumbo likasogea mbele. Na kila niliyekutana naye alinishika bega: "Mzee umenawiri! Ugonjwa umekukimbia."

Tulikuwa tunasherehekea dalili ya hatari. Homoni ya kiume inayotengenezwa kwenye korodani ndiyo inayoilisha saratani hii, na sindano inaizima. Lakini homoni hiyohiyo ndiyo inayolinda misuli ya mwanamume. Ikizimwa, misuli inapungua, mafuta yanajaa tumboni, lehemu, yaani mafuta yaliyo kwenye damu, inaweza kupanda na sukari inaanza kusumbua. Si siri wala si habari mpya. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maelezo ya dawa za kundi hili yaongezewe onyo kuhusu kisukari, shambulio la moyo na kiharusi. Mimi nilianza kuchomwa miaka kumi na moja baadaye na sikuambiwa hata neno moja.

Machi 2023 nilikuwa Magogoni nasubiri pantoni jioni. Geti likafunguliwa, watu wakatimka kama kawaida yao, nami nikakaza mwendo nipate pa kukaa. Nilipokanyaga tu bati la pantoni, kifua kikabana kama nimewekewa gunia la mchele. Maumivu yakapanda kwenye taya, yakashuka mkono wa kushoto. Jasho likanitoka. Nikajisemea: ni lile jasho la sindano.

Hapa naomba usome polepole. Jasho la sindano nalijua. Kwangu linaanza na joto kifuani, linapanda shingoni na usoni kama mtu amekufunulia sufuria inayochemka, dakika chache limepita. Hili lilikuwa la baridi. Shati liligandana na mgongo. Kijana mmoja muuza karanga alinishika mkono anikalishe, akashtuka: "Baba, mbona umekuwa wa baridi hivi?" Yeye aliliona ndani ya sekunde moja. Mimi nilivuka, nikafika nyumbani, nikanywa chai, nikanyamaza siku tisa.

Siku tisa. Sikumwambia mke wangu. Nilikuwa nimeshapoteza nguvu za kiume kwa ajili ya sindano hizi na hatukuwahi kulizungumza hilo vizuri. Sikutaka kuongeza kilema kingine. Wanaume wenzangu mnaonisoma mnajua ninachosema. Tunaficha jambo moja la aibu, na mengine yote yanajificha nyuma yake.

Siku ya kumi nilishindwa kumaliza ngazi za kwa mwanangu, akanipeleka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Presha 172 kwa 104. Sukari kabla ya kula 9.8. Wakapima umeme wa moyo, wakaangalia mishipa, mmoja mkubwa ulikuwa umebana. Nikawekewa stenti, kibomba kidogo cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi. Daktari akaniuliza natumia dawa gani, nikamtajia sindano. Akauliza: "Na kule unakochomwa, nani anakupima presha?"

Nilibaki kimya. Nilikuwa nimeshachomwa mara saba kwenye kliniki moja ya kulipia hapa mjini. Nilikuwa nalala kitandani, napandisha shati, nachomwa, nalipa, natoka. Kipimo cha presha kilikuwa kinaning'inia ukutani juu ya kichwa changu, mpira wake umejikunja. Mara zote saba nilikitazama wakati nachomwa. Hakuna aliyekishusha, nami sikuomba. Hilo bado linaniuma.

Sisemi sindano peke yake ndiyo iliyobana mshipa. Daktari alinieleza kwamba mishipa hubana kwa miaka mingi, na tangu nistaafu sikuwa nimepima presha hata mara moja. Huenda niliingia kwenye matibabu nikiwa nayo tayari. Ndiyo maana nasema mtu apimwe kabla ya sindano ya kwanza. Presha, sukari, lehemu. Akiwa na historia ya moyo au kiharusi, aitamke mwenyewe mbele ya daktari wa saratani, asingoje kuulizwa, maana dawa za homoni ziko za aina zaidi ya moja na daktari anahitaji kujua ili achague.

Na wewe usiyechomwa sindano, uliyeondolewa korodani kwa upasuaji kwa sababu ndiyo nafuu ya mfuko, usidhani hili halikuhusu. Homoni imeshuka ileile. Pima presha. Aliyeongezewa vidonge vya abirateroni, dawa nyingine ya kuzima homoni hiyo, ndiyo kabisa, kwa sababu vinaweza kupandisha presha na kushusha potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji. Pima presha, na damu ichunguzwe.

Kuna aliyeniandikia mwezi uliopita kwamba baada ya kusikia mambo ya moyo ameacha sindano. Ndugu yangu, nakusihi, rudi. Saratani haikukusamehe. Mimi sijaruka hata moja. Nachomwa, na nameza dawa za presha na za lehemu kila siku. Daktari wangu wa saratani na wa moyo sasa wanasoma daftari moja, lina safu sita. Kongoro nimeiacha. Mama watoto alilia siku nilipomwambia, alidhani namlaumu. Sikumlaumu, alinilisha kwa mapenzi. Sasa ananipikia samaki wa kuchemsha na mchicha usio na chumvi nyingi, na alfajiri tunatembea wote mpaka ufukweni na kurudi. Nafagia uwanja mwenyewe. Mwanangu ananiangalia tu.

Kwa hiyo, binti yangu, jibu la swali lako: punguza hicho chakula kizuri, mtoe baba nje atembee, na kesho, usisubiri sindano ijayo, mpeleke apimwe presha na sukari. Muulize pia kama kifua kinabana akipanda ngazi. Muulize mkiwa wawili tu, asiwepo mkwe wala jirani. Na jasho lile, likimtoka mshike mkono. Likiwa la baridi na kifua kinambana, msichemshe chai, mkimbizeni hospitali.

Hayo nilimwandikia usiku uleule. Jana jioni akanijibu. Wamempima kwenye zahanati ya jirani: 168 kwa 102. Mzee amekiri kwamba tangu mwezi wa Ramadhani anapumzika mara mbili akitoka kituoni kwenda nyumbani. Jumatatu wana miadi Muhimbili, na amesema ataenda na daftari.